Kodi imetaja sensa ya oksijeni: pima hita kwanza, kisha isikilize injini

Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, imetoa kodi (namba ya kosa) inayotaja sensa ya oksijeni, na kesho yake sensa mpya imeshafungwa. Wiki haiishi, taa inawaka tena na kodi ni ileile. Mwenye gari anamlaumu fundi, fundi anailaumu sensa kwamba ni feki.

Mara nyingi kosa limeanzia kwenye kusoma kodi. Kodi za sensa hii ziko za namna mbili. Namna ya kwanza inalalamikia hita, yaani kipande cha kupasha moto kilichomo ndani ya sensa. Hiyo ni saketi ya umeme kama saketi nyingine yoyote: unaipima kwa mita, unajua kama nzima au imekufa. Namna ya pili inalalamikia ishara ambayo sensa inaipeleka kwenye kompyuta ya injini, na hapo mara nyingi sensa haina kosa lolote. Inaeleza kile inachokiona kwenye moshi. Mjumbe hauawi. Ukishazitenganisha namna hizi mbili, kazi iliyobaki ni kufuata dalili moja baada ya nyingine.

Kinachofanyika ndani ya sensa

Sensa iliyozoeleka kwenye magari ya petroli ina kikombe kidogo au kibati cha kauri ya zirkonia, kilichopakwa platini pande zote mbili. Upande wa nje unapigwa na moshi wa ekzosi. Upande wa ndani unagusa hewa ya kawaida ya nje. Kauri hiyo ikipata joto la kutosha, takribani nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi, huanza kupitisha chembe za oksijeni zenye chaji ya umeme kutoka upande wenye oksijeni nyingi kwenda upande wenye oksijeni kidogo. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa volti.

Kwa hiyo sensa haipimi petroli. Inapima oksijeni iliyobaki baada ya moto, na jambo hili likumbukwe hadi mwisho wa makala. Mchanganyiko ukiwa mzito, yaani petroli nyingi kuliko hewa, oksijeni karibu yote inaungua, tofauti kati ya ndani na nje inakuwa kubwa, na sensa inatoa volti 0.8 hadi 0.9. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, oksijeni nyingi inabaki kwenye moshi na volti inashuka hadi 0.1 au 0.2. Mpaka kati ya hali hizo mbili uko kwenye uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, na hapo volti haipandi taratibu bali inaruka. Kompyuta ikiona volti imepanda inapunguza mafuta, ikiona imeshuka inaongeza, na mchezo huo hauishi muda wote injini inapofanya kazi. Sensa nzima ya mbele, injini ikiwa moto, inaonekana kwenye skana ikipanda na kushuka bila kutulia.

Tatizo ni lile joto. Bosch walipoanza kutoa sensa hizi mwaka 1976, na Volvo wakawa wa kwanza kuzifunga kwenye magari yaliyouzwa Marekani, hazikuwa na hita. Ilibidi zikae karibu na injini zipashwe na moshi wenyewe. Gari likiwashwa asubuhi, sensa ililala kwa muda mrefu, na kompyuta ikaendesha injini kwa makadirio. Kwenye foleni ndefu, injini ikinguruma bila kukanyagwa, moshi ulipoa na sensa ikalala tena. Mwaka 1982 Bosch walileta sensa yenye hita, na mambo mawili yakabadilika: sensa ikaamka ndani ya nusu dakika hivi, zile za kisasa zenye kauri bapa hata chini ya hapo, na ikawezekana kuifunga mbali na injini, ikiwemo nyuma ya katalisti, yaani kisafishaji cha moshi kwenye bomba la ekzosi, ambako moshi umeshapoa.

Hita inapata volti 12 kupitia fyuzi, na mara nyingi rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Upande wa hasi unafungwa na kompyuta, ambayo kwenye magari mengi inaukata na kuuunganisha haraka haraka ili kutawala joto. Hita ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo na inakula umeme mwingi. Ikipata moto ukinzani unapanda na umeme unapungua. Katika magari mengi kompyuta haiwashi hita kwa nguvu zote mara tu injini inapowaka, kwa sababu bomba la ekzosi la baridi huwa na matone ya maji, na tone la maji likigonga kauri yenye moto linaipasua. Basi usishangae kuona hita imechelewa kidogo asubuhi.

Kuna aina nyingine ambayo lazima uitambue kabla ya kuanza kupima: sensa ya upana, inayofungwa mbele ya katalisti kwenye magari mengi ya karibuni. Yenyewe hairuki kati ya 0.1 na 0.9. Inapima kwa mkondo mdogo wa umeme na inaweza kusema mchanganyiko ni mwepesi kiasi gani, si kusema mwepesi au mzito tu. Ya Bosch huwa na nyaya tano au sita kwenye soketi. Ile ya Toyota ina nyaya nne na kwa macho inafanana kabisa na sensa ya kawaida, lakini nyaya zake mbili za ishara zina takribani volti 3.3 na 3.0 kutoka kwenye kompyuta. Ukiipima ukitegemea mruko wa 0.1 hadi 0.9 utaiua bila hatia, na ukifunga ya kawaida mahali pake injini haitaelewa kitu. Vipimo vya volti vilivyomo kwenye makala hii ni vya sensa ya kawaida ya zirkonia. Sehemu ya hita inazihusu zote.

Ni sensa ipi inayolalamikiwa?

Linaonekana swali dogo, lakini sensa nzima nyingi zimetupwa kwa kutojibiwa vizuri. Sensa ya 1 ni ile iliyo kabla ya katalisti. Sensa ya 2 iko baada yake. Injini za V zina pande mbili, na upande wa 1 ni ule wenye silinda namba 1, si wa kushoto wala wa kulia kwa lazima. Tafuta silinda namba 1 kwenye kitabu cha gari husika, usikisie.

Kwa nyaya nne, rangi zinasaidia. Bosch wanatumia nyaya mbili nyeupe kwa hita, nyeusi kwa ishara na kijivu kwa hasi ya ishara. Denso wanatumia mbili nyeusi kwa hita, bluu kwa ishara na nyeupe kwa hasi yake. Unaona hatari ilipo: waya mweusi kwa mmoja ni hita, kwa mwingine ni ishara. Kanuni inayofaa karibu kote ni kwamba nyaya mbili zenye rangi moja ndizo za hita. Rangi hizi ni za upande wa sensa. Upande wa gari kila mtengenezaji ana zake.

Dalili ya kwanza: kodi ya hita

P0135 ni hita ya upande wa 1 sensa ya 1. P0141 ni upande wa 1 sensa ya 2. P0155 na P0161 ni hizo hizo kwa upande wa 2. Kuna pia familia ya P0030 hadi P0032 na P0036 hadi P0038, ambazo zinazungumzia saketi ya kutawala hita.

Dereva anaweza asihisi chochote. Gari likishapata moto na kutembea barabarani, moshi wenyewe unaipasha sensa ya mbele vya kutosha. Athari iko asubuhi, kwenye safari fupi na kwenye foleni: kompyuta inabaki kwenye makadirio muda mrefu, mafuta yanaliwa zaidi kidogo, na hewa chafu inatoka zaidi. Ndiyo maana watu wanaendesha na kodi hii miezi mingi, wakiamini taa ndiyo mbovu.

Kitu cha kwanza kuangalia ni idadi. Kama kodi za hita zimekuja mbili au tatu au nne kwa mpigo, sensa zote hazikufa siku moja. Nenda kwenye fyuzi. Hita kadhaa hutumia fyuzi moja, na wakati mwingine fyuzi hiyo inalisha vitu vingine vya injini pia. Fyuzi ikiwa imekatika, usiweke yenye ampea kubwa zaidi, tafuta kilichoikata. Mara nyingi ni waya wa sensa ulioachia kishikizo chake ukalalia bomba la ekzosi, ganda likayeyuka na shaba ikagusa chuma. Ukikagua kwa macho huoni, chomoa sensa zote, weka fyuzi mpya, washa injini, halafu chomeka sensa moja moja. Itakayoikata fyuzi ndiyo yenye hita iliyogusana ndani au waya uliochubuka. Fyuzi ikikatika sensa zote zikiwa zimechomolewa, kosa liko kwenye nyaya za gari.

Kodi ikiwa moja tu, anza na sensa yenyewe. Injini ikiwa baridi, chomoa soketi na upime ukinzani kati ya nyaya mbili za hita upande wa sensa. Sensa nyingi za nyaya nne husoma kati ya omu 3 na 15 hivi. Za upana huwa chini, omu 2 hadi 4 kwa nyingi. Kitabu cha gari ndicho chenye namba kamili, lakini mara nyingi huhitaji namba kamili. Mita ikionyesha hakuna mawasiliano kabisa, hita imekatika. Ikionyesha karibu na sifuri, imegusana. Kama injini ni ya V, pima sensa mwenzake wa upande wa pili, kwa sababu mbili za aina moja zinapaswa kukaribiana. Kisha pima kati ya kila waya wa hita na mwili wa chuma wa sensa: hapo mita isionyeshe mawasiliano yoyote. Tahadhari moja tu: omu zipimwe kwenye nyaya za hita peke yake. Usiiweke mita ya omu kwenye nyaya za ishara, kwa sababu mita hutuma umeme wake yenyewe na kauri haikuumbwa kupokea umeme kwa njia hiyo.

Hita ikiwa nzima, geukia upande wa gari. Hapa ndipo mita inapodanganya. Utapima soketi ya gari, utaona volti 12 safi, utasema umeme upo. Lakini pini iliyoota kutu au waya uliobaki na nyuzi mbili za shaba utaonyesha volti 12 vilevile, mradi hakuna kinachovuta umeme. Hita ikichomekwa na kuanza kuvuta ampea moja au mbili, volti zinaanguka. Tumia balbu ndogo ya volti 12, ya wati 5 hivi. Iunganishe kati ya pini mbili za hita za soketi ya gari, injini ikiwa inanguruma, maana magari mengine hayapeleki umeme wa hita mpaka injini iwake. Balbu ikiwaka au kupepesa, umeme upo na kompyuta inafunga hasi yake. Ikikataa, toa mguu wa balbu ulio kwenye pini ya hasi uupeleke kwenye hasi ya betri: ikiwaka sasa, chanya ni nzima na tatizo liko kwenye hasi, yaani waya kwenda kwenye kompyuta au kompyuta yenyewe. Ikiwaka kwa ufifi, kuna mahali umeme unabanwa. Fuata fyuzi, rilei na viungio.

Kuhusu kompyuta, nina neno moja. Hita iliyogusana ndani inaweza kuunguza sehemu ya kompyuta inayofunga hasi. Fundi anafunga sensa mpya, kodi inabaki, na kila mtu anasema sensa mpya ni mbovu. Basi ukikuta hita imesoma karibu na omu sifuri, fanya kipimo cha balbu kabla hujatoa pesa ya sensa.

Dalili ya pili: volti imeganda karibu na 0.45

Kwenye skana sensa ya mbele inaonyesha 0.45, dakika zinapita, haiendi popote. Kodi inayofuatana nayo kwa kawaida ni P0134. Namba hiyo katika magari mengi haitoki kwenye sensa. Ni volti ya kungojea ambayo kompyuta inaiweka kwenye waya wa ishara hadi sensa iamke. Sensa ikiamka, inaisukuma juu au chini. Ikiganda pale, ama sensa haijaamka, ama imekufa, ama waya umekatika njiani.

Hita imeshapimwa? Kama bado, rudi juu. Kama ni nzima, pasha injini moto vizuri, chomoa soketi, na upime volti kati ya waya wa ishara na hasi yake upande wa sensa, kwa mita ya kidijitali. Hita haipati umeme sasa hivi, hivyo shikilia injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika ili moshi uipashe. Volti ikicheza hapo lakini kwenye skana ilikuwa imeganda, waya ndio wenye kosa. Unaweza kuthibitisha kwa kugusisha waya wa ishara wa upande wa gari kwenye hasi: skana inapaswa kuanguka karibu na 0. Isipoanguka, waya umekatika kati ya soketi na kompyuta. Usifanye hivyo kwenye sensa ya upana.

Dalili ya tatu: volti iko chini, kompyuta inaongeza mafuta

Hapa ndipo sensa nyingi zisizo na hatia zinapotupwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kodi zinaweza kuwa P0131, au P0171 na P0174 zinazosema mchanganyiko ni mwepesi. Kabla ya kitu chochote, uliza kama sensa iko hai. Injini ikiwa moto, kanyaga mafuta ghafla mara moja na uachie huku ukitazama skana. Kompyuta inamwaga mafuta ya ziada kwa muda mfupi, na sensa hai itaruka zaidi ya 0.8 mara moja. Ikiruka, iache ilipo. Inakwambia kuna oksijeni nyingi kwenye moshi, na kazi yako ni kutafuta inakotoka.

Fungua ukurasa wa marekebisho ya mafuta, ule wa STFT (marekebisho ya papo hapo) na LTFT (ya muda mrefu). Namba chanya maana yake kompyuta inaongeza mafuta. Ndani ya asilimia 10 hivi juu au chini ni hali ya kawaida. Ikivuka 20 kuna tatizo la kweli. Sasa linganisha mahali pawili. Kama marekebisho ni makubwa injini ikinguruma bila kukanyagwa, halafu yanarudi karibu na kawaida kwenye mizunguko 2,500, hewa inaingia mahali pasipostahili: mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi ya manifodi ya hewa, mpira wa breki. Tundu ni lilelile, lakini injini ikivuta hewa nyingi mchango wa tundu unakuwa mdogo. Kama ni kinyume, hali ni nzuri chini na inaharibika unapopandisha mzigo, fikiria mafuta hayafiki: chujio lililoziba, pampu iliyochoka, presha ndogo. Au sensa inayopima hewa inayoingia ni chafu na inahesabu pungufu.

Halafu kuna sababu mbili ambazo hazihusiani na mafuta kabisa. Moja ni injini inayokosakosa. Silinda isiyowaka inatoa oksijeni yake yote kwenye ekzosi pamoja na petroli mbichi. Sensa haioni petroli, inaona oksijeni, inasema "mwepesi", na kompyuta inaongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari inatema mafuta. Kwa hiyo kukiwa na kodi ya kukosa kuwaka, kama P0300 hadi P0304, ishughulikie kwanza: plagi, koili, nozeli. Kodi ya sensa inaweza kuondoka yenyewe.

Ya pili ni ekzosi inayovuja kabla ya sensa. Watu wanadhani uvujaji unatoa moshi nje tu. Lakini moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo presha ndani ya bomba hushuka kiasi cha kuvuta hewa ya nje. Ufa mdogo kwenye manifodi au gasketi iliyoungua unatosha. Sikiliza injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka na ufa unaweza kujifunga. Mlio wa tiki-tiki unaokwisha baada ya dakika chache, pamoja na alama nyeusi ya masizi karibu na kiungo, ni ushahidi wa kutosha.

Ukikanyaga ghafla na sensa haikupanda kabisa, ndipo uangalie kama waya wa ishara umegusa chuma cha gari, na hatimaye sensa yenyewe.

Dalili ya nne: volti iko juu

Kodi P0132 au P0172. Gari linakula mafuta, moshi mweusi, plagi zina masizi, pengine harufu ya mayai yaliyooza kutoka kwenye katalisti. Marekebisho ya mafuta ni hasi. Chomoa mpira mmoja wa vakyumu kwa muda mfupi: sensa hai itashuka chini ya 0.2. Ikishuka, tafuta mafuta ya ziada. Washukiwa ni nozeli inayodondosha, presha ya mafuta iliyozidi, vali ya mvuke wa tangi iliyokwama wazi, oili iliyochanganyika na petroli, na sensa ya joto la maji ya injini inayodai injini ni baridi wakati inachemka. Huyu wa mwisho anasahaulika sana. Soma joto la maji kwenye skana kabla ya kufungua kitu.

Lakini tazama namba yenyewe. Zirkonia haizalishi volti 1.3. Ukiona ishara imevuka volti 1.1 na kukaa huko, kuna umeme wa mahali pengine unaoingia, na jirani wa karibu kabisa ni waya wa hita wenye volti 12. Fungua soketi utafute maji, kutu ya kijani au pini zilizoyeyuka.

Dalili ya tano: inacheza, ila kwa uvivu

P0133. Injini ikiwa moto kwenye mizunguko 2,500, sensa nzuri inavuka 0.45 mara kadhaa ndani ya sekunde 10. Nane au zaidi ni kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi. Iliyozeeka inavuka mara mbili au tatu. Hapa, tofauti na dalili zilizotangulia, kwa kawaida sensa ndiyo mgonjwa, mradi umeshathibitisha hita na ekzosi isiyovuja.

Itoe uangalie ncha. Masizi meusi makavu ni mchanganyiko mzito. Unga mweupe unaonata ni silikoni, mara nyingi kutoka kwenye gundi ya gasketi isiyofaa kwa injini yenye sensa, au maji ya kupozea yanayoingia kwenye silinda. Majivu ya kahawia au kijivu ni oili inayoungua. Rangi nyekundu au ya chungwa ni manganisi iliyowekwa kwenye petroli kuongeza okteni. Risasi, iliyokuwa muuaji mkubwa wa sensa, imebaki hadithi: petroli yake kwa ajili ya magari ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Kusafisha ncha kwa petroli au brashi ya waya hakusaidii. Platini inakwanguka na sumu inabaki. Na ukifunga mpya bila kuziba chanzo cha oili au maji, nayo itaishia vilevile.

Sensa ya nyuma na P0420

Sensa ya 2 kazi yake kubwa ni kuichunga katalisti. Katalisti nzima inahifadhi oksijeni na kuilainisha, hivyo sensa ya nyuma inatulia, mara nyingi karibu na 0.6 au 0.7, wakati ya mbele inarukaruka. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, katalisti imechoka, au ekzosi inavuja karibu nayo. P0420 ni kodi inayosema katalisti haifanyi kazi ipasavyo, si kodi ya sensa, hata kama watu wengi wanaijibu kwa kununua sensa. Sensa ya nyuma iliyokufa hutulia sana. Mara chache itakuletea P0420. Kipande cha kuitenga sensa mbali na moshi, kinachouzwa kama tiba, kinazima taa na kuiacha katalisti ilivyo.

Kama imebidi kubadilisha

Injini iwe vuguvugu, si moto wala baridi kabisa. Weka dawa ya kulegeza kutu kwenye uzi na uipe muda. Spana ni ya milimita 22, na iliyo bora ni soketi yenye mpasuo wa kupitisha waya. Uzi wa sensa nyingi ni M18 kwa 1.5, na kukaza ni karibu na Nm 40. Mpya nyingi zinakuja na mafuta ya kuzuia kukwama yameshapakwa kwenye uzi. Ukiongeza, yasiguse ncha. Sensa iliyoanguka sakafuni kutoka kwenye meza usiifunge kwa matumaini. Kauri yake inaweza kuwa na ufa usioonekana.

Ukinunua sensa isiyo na soketi, ya kuunganishwa nyaya, usichomee kwa risasi ya kulehemu. Sensa nyingi zinavuta ile hewa ya ndani kupitia katikati ya nyuzi za waya, na risasi inaziba njia hiyo. Tumia viunganishi vya kubana. Kwa sababu hiyohiyo usijaze grisi kwenye soketi wala kupulizia dawa ya kusafishia mawasiliano. Rudisha waya kwenye vishikizo vyake vyote, mbali na bomba.

Futa kodi, lakini usitoe hukumu jioni hiyohiyo injini ikiwa bado moto, kwa kuwa moshi unaweza kuipasha sensa na kuficha hita isiyofanya kazi. Acha gari lilale hadi injini ipoe kabisa. Asubuhi chomeka skana, washa injini bila kukanyaga mafuta, na uhesabu sensa ya mbele inachukua muda gani kuondoka kwenye 0.45. Ikianza kuruka ndani ya nusu dakika hadi dakika moja, hita inafanya kazi. Ikiganda dakika kadhaa na kuamka tu baada ya kupiga resi, rudi kwenye soketi ya gari ukiwa na balbu.